Pomodoro au limiti ya app, ipi inakufanya umalize kazi?

Msimu wa korosho hapa Mtwara mi nashinda kwenye laptop najaza hesabu za wakulima, simu pembeni inalia magrupu ya WhatsApp tu, kwahiyo hizi njia mbili nimezitumia sana.

Pomodoro ni ya Muitaliano Francesco Cirillo, aliianza miaka ya 1980 na kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya: unapiga kazi dakika 25, unapumzika 5, mizunguko minne ikiisha unapumzika zaidi. Haitaki bando wala simu kali. Ila hakuna kinachokuzuia kugusa simu, na mkulima akija dakika ya 12 na stakabadhi yake imekunjwakunjwa hujui vumbi au namba, huwezi kumwambia subiri kengele ilie.

Limiti ni kikomo cha muda wa app kwa siku, unaiweka kwenye Digital Wellbeing, sehemu ya settings za simu za Android. TikTok nimeipa dakika 30 kwa siku, zikiisha ikoni inakuwa ya kijivu mpaka saa sita usiku. Ndio unaweza kuingia settings ukaitoa, lakini ule usumbufu tu unakushtua unaacha.

Kwa hesabu mi nachagua limiti, Pomodoro naitumia kusomea usiku watoto wakishalala.