Shokapu ya Nyuma Inapiga Ngumu: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Usubiri

Muuzaji ukimwambia shokapu ya nyuma ni ngumu, atakuonyesha mpya. Hana kosa, ndicho anachouza. Lakini kwenye baiskeli nyingi za milimani ugumu huo unatokana na upepo uliozidi, grisi iliyokauka au beringi zilizoganda, na shokapu mpya ikifungwa bila kuyagusa hayo itapiga vilevile. Orodha hii nimeipanga kwa nafuu unayopata ukilinganisha na pesa inayokutoka. Ndiyo maana shokapu mpya iko mkiani.

Kabla ya kutoa hata senti, jua inapiga wapi. Ikiwa kinachokusumbua ni mizizi midogo na kokoto, shida iko mwanzoni mwa mwendo wa shokapu, yaani inapoanza kuzama: upepo mwingi, sili zinazosugua, kompresheni (kitufe kinachoizuia shokapu isizame haraka) iliyokazwa, au ile leva ya kufungia shokapu kwa ajili ya kupanda mlima, ambayo watu huisahau kuliko wanavyokubali. Ikiwa madogo yanapita vizuri lakini mawe makubwa yanakurusha, tazama kioringi cha mpira kilicho kwenye nguzo ya shokapu. Kikisukumwa hadi mwisho, shokapu inagota. Kikiishia theluthi mbili hata baada ya kuruka pazuri, kuna kitu kinaizuia isizame. Kuna na aina ya tatu inayodanganya wengi: mzizi wa kwanza unapita vizuri, wa pili si haba, wa nne unakupiga mgongoni. Hapo ribaundi, yaani kasi ya shokapu kurudi juu, iko polepole mno. Shokapu haipati nafasi ya kurudi juu kabla ya pigo linalofuata, kwa hiyo inazidi kuzama hadi inabaki kwenye sehemu yake ngumu. Mwenye baiskeli anaona imezama, anaongeza upepo, na hali inakuwa mbaya zaidi. Dawa ni kufungua ribaundi mbofyo mmoja au miwili, bure kabisa.

1. Pampu ya shokapu

Nafasi ya kwanza naipa pampu bila kusita. Pampu ya tairi haifai hapa, maana shokapu hula upepo mwingi kuliko tairi, na pampu zake nyingi hufika psi 300. Tafuta yenye geji inayosomeka vizuri na kitufe cha kupunguza upepo kidogokidogo. Geji ya kidijitali ni nzuri ila si lazima. Cha muhimu ni kutumia pampu ileile kila mara, kwa sababu geji mbili hazikubaliani mara nyingi.

Unachopima ni sagi, yaani kiasi shokapu inachozama ukiwa juu ya baiskeli na mavazi yako yote, mkoba na maji. Fungua leva zote, simama kwenye pedali ukiwa umeegemea ukuta, sukumasukuma kidogo, kisha sogeza kioringi hadi kwenye sili na ushuke taratibu bila kuruka. Kwa njia za kawaida lenga asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu. Kwa miteremko mikali hata 30 hadi 35. Shokapu yenye mwendo wa milimita 55 ikizama milimita 16 na nusu, hiyo ni 30. Ukikuta imezama milimita 9 tu, umeshampata mwizi.

Mambo mawili yanayowachanganya watu. Ukifunga pampu, geji husoma chini kuliko upepo uliokuwamo, kwa sababu sehemu ya upepo huo imejaza mpira wa pampu. Na mlio wa fsss ukiifungua hutoka kwenye mpira huo, si kwenye shokapu. Pili, ndani kuna chemba mbili, ya juu inayokubeba na ya chini inayoisaidia shokapu kuanza kuzama. Ukijaza mfululizo bila kuibonyeza, chemba ya chini inabaki na upepo pungufu na shokapu inakuwa ngumu mwanzoni. Jaza kidogo, ibonyeze polepole mara kadhaa kupita robo ya mwendo, jaza tena.

Shokapu ikigota hata sagi ikiwa sawa, ongeza tokeni, vile vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ndani ya chemba ya juu. Isipotumia mwendo wake wote, toa kimoja. Ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingi huja ndani ya boksi la baiskeli na kutupwa pamoja nalo.

2. Seti ya sili

Hapa ndipo pesa ndogo huonekana kama umenunua shokapu nyingine. RockShox, watengenezaji wa shokapu, huelekeza chemba ya upepo ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha na sehemu ya oili kila baada ya saa 200. Fox, watengenezaji wengine, husema saa 125 au kila mwaka. Waendeshaji wengi hawajawahi kufanya hata moja. Grisi ikishakauka, sili inashika nguzo na kuiachia kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaousikia kwenye mizizi.

Huduma ya chemba ya upepo unaweza kuifanya mwenyewe: toa upepo wote, fungua chemba, safisha, badilisha sili, paka grisi ya shokapu. Upepo wote, nasisitiza, na kama shokapu imenata ikiwa imezama baada ya kutoa upepo, usiifungue. Upepo umenaswa chemba ya chini na unaweza kurusha vipande. Sehemu ya oili na naitrojeni mwachie fundi mwenye vifaa. Dalili kwamba inamhitaji ni mlio wa kukoroga oili, au shokapu kurudi kwa kasi ileile hata ukizungusha kitufe cha ribaundi.

Mafuta ya kupulizia kwenye nguzo usinunue. Yanalainisha kwa muda mfupi, kisha yanakusanya vumbi na mengine huharibu sili.

3. Beringi za fremu na bushi

Toa shokapu kwenye fremu, shika gurudumu la nyuma, linyanyue na uliachie. Linatakiwa kushuka kwa uzito wake lenyewe bila kukwama. Likibaki hewani au likishuka kwa kukwaruza, beringi zimekwisha, na hakuna shokapu duniani itakayokuokoa. Angalia pia bushi za macho ya shokapu, yale matundu mawili inapofungiwa kwenye fremu. Zikikazwa kupita kiasi zinaisaga shokapu kila inapozunguka. Ziko seti za beringi za sindano zinazoingia mahali pa bushi, nazo hufaa zaidi upande ule ambao jicho huzunguka sana. Upande mwingine ni hiari yako.

4. Chemba yenye upepo hasi mwingi

Kama umefika hapa na madogo bado yanakutikisa, tatizo linaweza kuwa umbo la chemba yenyewe. Shokapu za zamani zina chemba ndogo ya chini, ile ya upepo hasi, kwa hiyo zinahitaji nguvu nyingi kuanza kusogea. Fox walilijibu hilo kwa chemba ya EVOL, RockShox kwa DebonAir na baadaye MegNeg. Unabadilisha ganda la nje tu, oili haiguswi. Tegemea kuongeza upepo ili upate sagi ileile. Mwepesi wa mwili hufaidika sana hapa.

5. Kupangwa upya ndani

Fundi wa shokapu hubadilisha mpangilio wa vibati vyembamba vinavyozuia oili. Inamfaa aliye mwepesi au mzito sana, kwa sababu kiwanda hupanga kwa mtu wa kati. Dalili: vitufe vyote umefungua na bado inapiga, au vyote umefunga na bado inaruka. Peleka ukiwa na uzito wako, jina la fremu na maelezo ya inapopiga. Bila hayo fundi anabahatisha.

6. Shokapu ya koili

Kwa ulaini wa mwanzo koili, yaani shokapu inayobebwa na springi badala ya upepo, haina mpinzani. Haina sili za upepo za kusugua, na mteremko mrefu hauibadilishi kama unavyoibadilisha upepo. Sababu ya kuiweka ya sita ni masharti yake. Nguvu ya springi hupanda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo fremu yenyewe lazima ikaze kuelekea mwisho. Kipimo ambacho wengi hutumia ni uwiano wa nyenzo (gurudumu la nyuma linasogea kiasi gani kwa kila milimita ya shokapu) kushuka kwa asilimia 20 au zaidi toka mwanzo hadi mwisho wa mwendo. Fremu isiyofika hapo itagota kila siku. Nyingine zinaunganisha shokapu kwa uma mrefu, kipande cha fremu chenye matawi mawili, na huo huweza kupinda nguzo ya koili hadi ikakatika. Soma maelekezo ya mtengenezaji wa fremu. Akisema hapana, ni hapana.

Weka pia bajeti ya springi ya pili. Ya kwanza mara nyingi huwa si yenyewe, na kukaza kola, ile pete inayobana springi, mizunguko mingi hakugeuzi springi laini kuwa ngumu. Uzito utapanda kwa gramu mia kadhaa. Kwangu hilo ni dogo. Anayepanda sana huenda asilisamehe.

7. Shokapu mpya ya upepo

Inunue pale ya sasa inapokosa vipuri, nguzo inapochubuka, au unapohitaji yenye tangi la pembeni kwa sababu ya miteremko mirefu inayochemsha oili. Vipimo havina mjadala: urefu wa jicho hadi jicho, mwendo, aina ya kufungia na upana wa bushi. 210 kwa 55 si 200 kwa 57, hata zikionekana pacha. Yenye mwendo mrefu kuliko wa kiwanda inaweza kulifikisha tairi kwenye bomba la kiti. Iliyokwisha kutumika ikague nguzo kwa kucha. Kucha ikinasa, iache.

Na kama baiskeli ni ile ya bei rahisi yenye springi tupu isiyo na oili, ruka orodha yote. Shokapu nzuri itagharimu karibu sawa na baiskeli nzima. Nunua tairi pana zaidi la nyuma kama fremu inalipokea, punguza upepo wake, na pesa iliyobaki iweke kwa ajili ya fremu nyingine.