Hadubini ya Kubana kwenye Simu: Majaribio Yangu Mchangani Jambiani

Hadubini hii ndogo, ambayo hubanwa kwa kibanio juu ya kamera ya simu, niliinunua Darajani, mjini Zanzibar, kwa shilingi 38,000 kwa nia moja tu: kuuona mwendo wa diatomu, yaani mwani usioonekana kwa macho, unaoupaka mchanga wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, rangi ya kahawia maji yanapokupwa.

Kasoro yake kubwa ni taa. Inamulika kutoka juu, ilhali diatomu ina gamba la silika linalopitisha nuru mfano wa kioo, na kitu cha namna hiyo hakionekani vyema mpaka mwanga ukipenye kutoka chini. Siku ya kwanza sikuona ila weupe wa mchanga wetu wa chokaa. Ya pili niliizima taa, nikaweka kipande chembamba cha kioo juu ya mdomo wa bilauri, na chini yake karatasi nyeupe iliyopigwa na jua. Hapo ndipo hadubini ilipoanza kustahiki bei yake.

Ilikuwa siku ya bamvua, saa 4 asubuhi. Nilitandaza karatasi laini ya kufutia lenzi juu ya mchanga mbichi penye doa la kahawia, nikangoja nusu saa. (Bibi mmoja aliyekuwa akienda kwenye mwani wake aliniuliza, “Mwanangu, mchanga nao unafutwa?”) Wataalamu wanaitumia njia hii tangu miaka ya 1960: diatomu zinazotembea hupanda kuufuata mwanga na kuingia katika nyuzi za karatasi, punje zikabaki chini.

Niliiona moja, umbo la kidau kilichochongoka pande zote mbili, rangi ya dhahabu iliyofifia, ikiteleza bila mkia wala kasia. Iligota punje, ikatulia kidogo, kisha ikarudi kinyumenyume kwa njia ileile. Mwendo huo hutokana na ute unaotoka kwenye ufa mwembamba wa gamba: ute hunata kwenye punje, protini za ndani ya seli huuvuta nyuma, na seli ikasogea mbele. Ufa wenyewe hadubini hii haiuonyeshi. Kwa mwendo wa maikromita 10 (sehemu moja ya mia ya milimita) kwa sekunde, milimita moja huchukua dakika moja na sekunde 40, tena njia iwe imenyooka, na baina ya punje haijanyooka hata kidogo. Hata hivyo safari hiyo fupi inatosha, kwa kuwa mwanga haupenyi mchangani zaidi ya milimita chache. Kabla ya maji kujaa diatomu hushuka tena, hata pasipo maji kuzigusa. Kopo la mchanga nililoliweka barazani lilipoteza doa lake alasiri, ingawa halikuguswa na wimbi lolote.

Diatomu zilizojishikiza kwenye punje, ambazo mchangani ni nyingi, hazipandi kwenye karatasi, na kwazo chombo hiki ni dhaifu: ukiupata vizuri mgongo wa punje, ubavu wake umeshapotea katika ukungu. Kibanio nacho kilipata kutu baada ya safari mbili, na muuzaji alikataa kunibadilishia, basi kisuuzwe kwa maji yasiyo ya chumvi kila mara.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mwalimu wa sayansi mwenye subira itamfaa, ila anunue na vioo vyake, maana ndani ya boksi hamna hata kimoja.