Chumba cha Njano: usome kitabu au uangalie filamu?

Le Mystère de la chambre jaune, riwaya ya upelelezi ya Gaston Leroux, ilianza kutoka gazetini Ufaransa 1907, na swali ni lilelile kila siku, kitabu au filamu ya Bruno Podalydès ya 2003?

Kwa hela kitabu kinashinda, tafsiri ya zamani ya Kiingereza unaipata bure kabisa mtandaoni, filamu mpaka uitafute na uwe unajua Kifaransa au uvumilie kusoma maandishi chini.

Kwa fumbo lenyewe mi nakipenda kitabu sana, mlango umefungwa kwa ndani, dirisha lina nondo, baba mtu yuko nje anasikia mwanae akipiga kelele, wanavunja mlango mshambuliaji hayupo, ila ukutani kuna alama ya mkono wa damu! Kuna hadi ramani, unaweza kurudi nyuma ukakagua mwenyewe. Filamu haikusubiri.

Ila Kiingereza chake ni cha kizamani, kinachosha, wakati filamu ni kama saa mbili tu umemaliza. Rouletabille, yule mwandishi wa habari anayechunguza kesi hiyo, kitabuni ana miaka 18, wa kwenye filamu ni mtu mzima kabisa, lakini Denis Podalydès kamcheza vizuri mno.

Kama unapenda kukisia mshambuliaji ni nani, anza na kitabu. Kama mnaangalia na familia wikendi, wekeni filamu.