Kliniki iliyonijazia maoni yangu

Karatasi ya maoni nililetewa ikiwa imeshajazwa. Jina langu juu, namba yangu ya simu, na alama kwenye kila uso unaocheka: mapokezi, usafi, muda wa kungoja. "Nyabo, tia sahihi tu hapa, bosi anazihesabu kila mwisho wa mwezi." Muda wa kungoja! Dada yule yule aliyeningojesha ndiye aliyenichagulia uso wa kucheka.

Nilifika kwenye kliniki hiyo, hapa Bombo, Uganda, Isha inaadhiniwa, mwanangu wa miaka minne yuko mgongoni anachemka. Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Najua vituo vya serikali matibabu ni bure tangu 2001, na huko ndiko nilikoanzia, nikaambiwa dawa za malaria zimekwisha. Basi nikaja pa kulipia, nikidhani angalau nitahudumiwa haraka.

Dada wa mapokezi hakuinua hata macho. Kwanza faili, shilingi 10,000. Nikalipa. "Kaa pale, musawo atakuita," yaani daktari. Mtoto alikuwa ametapika maji, ametapika uji, ametapika panado. Nilimwambia hivyo mara tatu. Mtoto anayetapika kila anachopewa hawekwi kwenye foleni, bibi zetu wanalijua hilo, na bango la dalili za hatari lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya kichwa chake huyo dada! Mtoto akatapika tena, sakafuni. Hapo dada akasimama. Nikadhani anakuja kumshika. Akasema, "Mtoe nje, wagonjwa wengine wanaona."

Zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyemgusa hata paji la uso.

Lakini haki ya mtu nisiile. Kijana wa maabara sina neno naye, Mungu ambariki. Alimchoma kidole taratibu, akadondosha damu kwenye kipimo cha malaria, akakataa katakata kukisoma kabla dakika 15 hazijatimia, ingawa dada alikuwa mlangoni anadai majibu. Kwingine nimeona kinasomwa baada ya dakika mbili. Mistari miwili ilipojitokeza akanionyesha, kisha akamkimbilia musawo yeye mwenyewe. Ndipo mwanangu alipopimwa uzito, maana dozi inakwenda kwa kilo, akachomwa artesunate, sindano ya malaria kali. Kwa kijana huyo ningerudi hata kesho.

Na nilirudi, kwa sababu sindano ya pili huchomwa baada ya saa 12. Asubuhi dada akataka shilingi 10,000 nyingine za faili. Faili lenyewe liko mezani mbele yake, jina la mwanangu linasomeka! Nikasema basi, hapa sirudi tena maishani. Ila homa ikimpanda mtoto usiku, na nikajua kijana yule yuko zamu, nitakwenda, nifanyeje?

Bosi, kama kweli unataka kujua kliniki yako inafanya kazi vipi, hesabu dakika, tangu mtoto anapoingia mlangoni mpaka mkono wa kwanza unapomgusa. Hizo nyuso unazohesabu zimetiwa alama zote kwa kalamu ya mtu mmoja.

Sikutia sahihi. Uso wa muda wa kungoja niliukata mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika pembeni: tangu Isha. Dada aliikunja mara mbili, akaitupia kwenye droo.