Dawa ya Hemlibra kwa mwanangu: nyota nne kati ya tano

Mwanangu ana hemofilia A kali, yaani damu yake haigandi vizuri kwa kukosa protini iitwayo faktari ya 8. Zamani goti likivimba kwa damu kuvujia ndani alikuwa anatundikiwa krayo, dripu ya protini za kugandisha damu inayotokana na plazma (majimaji ya damu) ya wachangiaji. Wachangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini aliyeambukizwa juzi anaweza kupita kwenye kipimo, na krayo kwa kawaida haipitii hatua ya kuua virusi. Kila mfuko ulinipandisha presha. Uingereza, nchi yenye uwezo wake, watu wapatao 1,250 wenye maradhi ya damu kutoganda waliambukizwa VVU, wengi kupitia dawa za plazma.

Hemlibra haitoki kwenye damu ya mtu. Ni kingamwili ya maabara, inachomwa chini ya ngozi. Sisi ni kila baada ya wiki mbili. Hakuna kuwinda mshipa, jamani! Panawasha kidogo, basi.

Nyota moja nakata kwa ajili ya friji. Inataka nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa Dar mnaujua. Nje ya friji ni siku 7 tu kwa jumla, joto lisizidi 30. Februari hii? Halafu inakinga tu. Akianza kuvuja damu, bado anahitaji faktari ya 8.