Kompyuta ya kuhariri picha za mandhari kwa programu za bure: ununue ipi ukiwa Mbeya?

Ukipanda mlima Loleza alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, jicho lako linaona vyote kwa pamoja: mawingu yanayowaka na mabati ya nyumba gizani kule chini. Kamera haiwezi. Ukipima mwanga wa mawingu, mji unakuwa mweusi. Ukipima mji, anga inakuwa nyeupe tupu. Ndiyo maana tunapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG inahifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 linahifadhi 16,384. Ngazi hizo za ziada ndizo zinazorudisha mawingu na kufungua vivuli, ila zinadai mashine yenye nguvu.

Programu zenyewe hazikutoi hata shilingi. darktable na RawTherapee za kuhariri RAW, GIMP ya kurekebishia picha, na Hugin ya kuunganisha picha kadhaa ziwe panorama moja pana, zote ni huria. Unazipakua kihalali na kuzitumia utakavyo. Achana na zile za wizi zinazozunguka kwenye flashi, na bajeti yote iende kwenye mashine. Bei siandiki, maana hubadilika kila mzigo mpya unaposhuka. Nazipanga mashine kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi, nikimfikiria mtu mwenye kamera ya megapikseli 24, anayeishi Nyanda za Juu Kusini na kusafiri na kazi yake.

Ya kwanza: ThinkPad T480 ya mtumba. Nyingi zina prosesa ya Intel kizazi cha 8 (hakikisha, maana baadhi ni za cha 7), na hapo ndipo prosesa za kompyuta mpakato za kawaida zilipotoka viini viwili kwenda vinne. RawTherapee hutegemea prosesa peke yake, kwa hiyo tofauti hiyo utaiona kila unaposogeza kitufe. Pia Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025. Ukipenda Linux, programu zetu zote ziko nyumbani kule.

Halafu kuna RAM. T480 ina nafasi mbili, kwa hiyo ukiikuta na GB 8 unaongeza kipande kingine zinafika 16. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Panorama ya picha sita kwenye Hugin itakuonyesha sababu. Na betri ni mbili, moja ndani na nyingine unaichomoa kwa nje bila kuzima mashine. Kwa anayelala Matamba akisubiri maua ya Hifadhi ya Kitulo, hilo si jambo dogo. Ukikosa T480, Dell Latitude 5490 au HP EliteBook 840 G5 ni za kizazi hichohicho na zina nafasi mbili za RAM. Chukua iliyotunzwa vizuri zaidi.

Angalia kioo kwa makini. Baadhi ya T480 zina kioo cha 1366 kwa 768, ziache. Tafuta cha 1920 kwa 1080 cha aina ya IPS, ambacho rangi hazibadiliki ukikitazama kwa pembeni. Hata hivyo, vingi vya hivyo rangi zake ni hafifu, na kwetu hilo linauma, maana huku kila kitu ni kijani. Niliwahi kuhariri picha za mashamba ya chai ya Tukuyu kwenye kioo kama hicho, nikaongeza kijani hadi kikanipendeza, na zilipochapishwa zikatoka kali kupita ukweli. Nilizirudia zote. Siku hizi naamini histogramu kwanza, ile grafu ya mwanga na rangi za picha, kisha nalinganisha na simu yenye kioo kizuri.

Ya pili: kompyuta ya mezani ya mtumba pamoja na monita ya IPS. Kama una studio Mwanjelwa au chumba cha kazi nyumbani, hii inaweza kukufaa kuliko T480. Haielemewi na joto upesi, na unaweza kuiwekea kadi ya Nvidia. Darktable huitumia kupitia OpenCL, njia ya kuipa kadi ya picha sehemu ya kazi, na kuondoa chembechembe za picha zilizopigwa kwenye mwanga hafifu kunakuwa kwepesi. Zile kasha nyembamba za ofisini hupokea kadi fupi tu, kwa hiyo pima kwanza. Nunua na UPS, betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika. Umeme ukikatika, darktable haiharibu picha, kwa kuwa haigusi faili ghafi bali huandika marekebisho kwenye kifaili cha XMP kilicho kando yake. Hatari ni ukikatika wakati unahamisha picha kutoka kwenye kadi.

Ya tatu: mashine ya gemu yenye Nvidia. Ina kasi, lakini ni nzito na inakula betri. Inunue kama unahariri na video za harusi.

Ya nne: MacBook ya zamani ya Retina. Kioo chake kinazishinda zote. Ila RAM imechomelewa, na matoleo mapya ya darktable yanadai macOS mpya kuliko mashine hizo zinavyoweza kubeba.

Ya mwisho: mpya ya kwenye boksi, yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Usinunue, hata ukipewa waranti. Picha 1,000 za RAW ni kama GB 30, na safari moja ya Kitulo msimu wa maua inazifikisha.

Ukienda dukani, beba flashi yenye darktable na picha zako tatu za RAW. Mwombe muuzaji uisakinishe mbele yake, fungua ile yenye chembechembe nyingi, washa moduli ya kuziondoa, kisha kuza hadi asilimia 100. Sikiliza feni. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows, fungua ripoti inayohifadhiwa, uone betri ilizaliwa na uwezo gani na imebaki na kiasi gani. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Pesa ikibaki, nunua diski ya nje ya TB 1 kabla hujaanza kuwaza lenzi.