Kozi ya Mitandao ya Kompyuta katika Chuo cha Jamii: Tathmini kwa Anayetaka Kazi ya Ufundi

Vyuo vya jamii vya Marekani, ambavyo kikongwe chao miongoni mwa vile vya umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, vinajulikana kwa kupokea karibu kila aliyemaliza sekondari na kumfundisha kazi kwa ada iliyo chini sana ya ada ya chuo kikuu. Kozi ninayoitathmini hapa niliisoma katika kimojawapo, nami sitakitaja jina kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni makali. Inatoa diploma ya miaka miwili, au cheti kifupi zaidi kwa asiyetaka masomo ya jumla kama vile insha na historia, na lengo lake limeandikwa waziwazi katika kijitabu cha chuo: kumwandaa fundi wa ngazi ya kwanza, atakayeajiriwa kwenye dawati la usaidizi, kufunga kebo au kutunza swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) na ruta (kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine) za ofisi. Nimeipima kwa lengo hilo peke yake, wala siilinganishi na shahada ya sayansi ya kompyuta.

Niseme mapema ninakosimama. Kozi hii inafundisha vizuri sana namna ya kuujenga mtandao, na inafundisha kwa uchache namna ya kutafuta hitilafu katika mtandao uliojengwa na mtu mwingine. Ilhali fundi mpya, siku anapoajiriwa, hakabidhiwi mtandao wa kujenga bali hutumwa kwenye ule ambao tayari unalalamikiwa.

Nadharia ya muhula wa kwanza haina kasoro ya maana. Tabaka saba za OSI, mfano unaoigawa kazi ya mtandao hatua kwa hatua, ambazo wanafunzi wengi huzikariri kama shairi na kuzisahau baada ya mtihani, zilifundishwa kwa kufuata pakiti moja (kifurushi kidogo cha data) kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye waya na kurudi, na kila tabaka likaonekana lina kazi gani. Ugawaji wa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni) tuliufanya kwa kalamu na karatasi, kikokotoo kikiwa kimepigwa marufuku, hadi ikawa jambo la kawaida kutamka bila kusita kwamba mtandao wa /26 (alama inayoonyesha ukubwa wa mtandao) una anwani 64 na kwamba 62 tu ndizo zinazoweza kupewa vifaa, kwa kuwa ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Wapo waliolalamika kwamba kuna programu za kukokotoa hayo kwa sekunde moja, lakini fundi aliyesimama mbele ya raki (fremu ya kupachika vifaa vya mtandao) akiwa na simu isiyo na mawimbi atamshukuru mkufunzi aliyekipiga marufuku kikokotoo.

Sehemu bora kuliko zote ni maabara ya kebo. Kila mwanafunzi alipewa kipande cha kebo ya mtandao ya aina ya Cat 6, plagi zake ziitwazo RJ45, koleo la kubania na kipimio, akatakiwa kupanga nyaya nane, zilizosokotwa mbili mbili kwa jozi, kwa mpangilio sanifu wa rangi uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba jozi ya kijani imetenganishwa na jozi ya buluu iliyokaa katikati yake, na hapo ndipo palipokuwa na somo. Mkufunzi alileta kebo aliyoitengeneza mwenyewe, jozi zikiwa zimefuatana moja baada ya nyingine pande zote mbili, akaichomeka kwenye kipimio cha bei rahisi, na taa zote nane zikawaka kwa utaratibu kama zinavyowaka kwenye kebo nzima. Kisha akaipima kwa kifaa cha gharama kubwa kinachopima mwingiliano wa mawimbi kati ya jozi, nayo ikaanguka vibaya. Kipimio cha taa hujua tu kwamba waya umefika upande wa pili. Hakijui kama umesokotwa na mwenzake anayestahili, yaani yule ambaye vifaa humtumia kama jozi yake. Tulifundishwa pia kutofungua msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye plagi, na kutozidisha mita 100 za njia nzima, pamoja na vipande vifupi vya mwanzo na mwisho ambavyo wafungaji wengi husahau kuvihesabu.

Baada ya hapo mambo yanabadilika. Mihula inayofuata hutumia mtaala wa Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo wa kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco, na kazi nyingi hufanyika ndani ya Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao ambayo mwanafunzi huipata bila malipo. Ni chombo kizuri kwa kujifunza amri, na sina ugomvi nacho kama hatua ya kwanza. Tatizo ni kwamba chuo kilikigeuza kuwa hatua karibu pekee, huku raki yenye swichi na ruta halisi ikifunguliwa mara chache na wanafunzi wanne wakigombea kebo moja ya konsoli, ile ya kuunganisha kompyuta na kifaa ili kukipa amri. Ndani ya programu ile plagi hailegei, feni haijai vumbi, na hakuna aliyehamisha waya jana jioni bila kumwambia mtu.

Zoezi moja tu la kutafuta hitilafu lilikuwa la kweli, nalo linaonyesha kozi ingeweza kuwa nini. Kompyuta moja ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254, alama ya kwamba iliomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Karibu darasa zima lilikimbilia seva ya DHCP, ambayo ilikuwa nzima kabisa na ikihudumia kompyuta za jirani bila shida. Kosa lilikuwa kwenye swichi, ambako mlango (tundu la kuchomekea kebo) wa kompyuta ile ulikuwa umewekwa kwenye VLAN, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa na nyingine, isiyo yake, kwa hiyo ombi lake lilikuwa likipigwa kelele katika chumba kisicho na msikilizaji. Katika saa moja tulijifunza kuuliza ni nani mwingine ameathirika kabla ya kugusa chochote. Mazoezi ya namna hiyo yangepaswa kuwa ya kila wiki.

Kuhusu vyeti vya nje, chuo huwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa Network+ wa shirika la CompTIA, wenye maswali yasiyozidi 90 katika dakika 90, na kwa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ambayo tangu Februari 2020 ni mtihani mmoja wa dakika 120. Vyote viwili hudumu miaka mitatu. Maandalizi yanatosha, ila ada za mitihani hazimo katika karo, jambo ambalo lingepaswa kuandikwa ukurasa wa mbele badala ya kugunduliwa mwishoni. Kwa anayelenga dawati la usaidizi, ningemshauri aanze na Network+ na kuiacha CCNA hadi atakapokuwa ameshika vifaa kazini kwa muda.

Jambo lililopuuzwa kabisa ni uandishi. Fundi hutumia sehemu kubwa ya siku akifungua na kufunga tiketi (kumbukumbu za matatizo yaliyoripotiwa), akieleza alichokikuta, alichokibadilisha na alichokiacha, na hakuna somo hata moja lililotufundisha kuandika maelezo ambayo mwenzako wa zamu ya usiku atayaelewa. Kuweka lebo kwenye kebo na kuchora ramani ya mtandao vilitajwa kwa kupita tu. Ofisi ya ajira ya chuo nayo ilijua kusahihisha wasifu, lakini haikuwa na uhusiano na mwajiri yeyote wa fani hii.

Pamoja na hayo yote, kwa ada yake kozi hii ninaipendekeza, hasa kwa mtu mzima anayefanya kazi mchana na kuhitaji vipindi vya jioni. Ila kabla ya kujiandikisha aombe kuonyeshwa maabara yenyewe wakati darasa linaendelea, ahesabu wanafunzi wangapi wako kwenye raki moja, na amuulize mkufunzi ni mara ngapi kwa muhula huharibu mtandao makusudi na kuwaachia wanafunzi wautengeneze.